Uso wa Wilf Stobbs Kwenye Bendera

Itangazwe kwa walio hai, kwa marehemu, na kwa walio njiani kati ya hapo: wachimba makaa wa Ravenburn wana bendera ya hariri, pana kama ukuta wa kanisa, na Wilf Stobbs amegoma kutoka humo.

Alichorwa ujanani, akiinua taa. Akafa kwa vumbi la makaa kifuani. Kila Juni mjane wake, Ida, hushona mishono iliyoachia kabla ya sherehe ya wachimba makaa mjini Durham, peke yake katika ukumbi wa chama chini ya macho yale. Upepo ukipenya, hariri huchakarika kama kifua cha Wilf siku zake za mwisho. Ida husimamisha sindano, akisubiri kikohozi kipite.

Alitaka jambo moja tu: bendera ifungwe kitambaa cheusi, kama wafungiwavyo wanaouawa na shimo la makaa kila mwaka.

“Wilf kafia kitandani, shemeji,” alisema Cuthbert Coulthard, mwenyekiti wa chama. “Cheusi ni cha waliofia shimoni.”

“Na vumbi lile alilivuta wapi? Kanisani?”

“Kanuni ni kanuni.”

Ikabaki wiki moja kabla ya sherehe. Coulthard akaamuru uso wa Wilf ufunikwe, uchorwe wake juu yake. Mashavu yake pekee yalimaliza kopo la rangi.

“Rangi ya mafuta hiyo, Cuthbert. Msiikunje bendera kwanza.”

“Wewe shona, shemeji. Uongozi tuachie sisi.”

Wakaikunja.

Durham, tarumbeta zikilia, wakaikunjua. Uso wa mwenyekiti ulikuwa umebandukia mgongoni mwa kitambaa, umepondeka kama andazi lililokaliwa. Mbele alisimama Wilf, macho yamelowa, anawatazama. Ngoma ikakosa pigo. Upepo ukaja, na hariri ikakohoa.

“Mungu wangu,” alinong'ona mshika mlingoti. “Ni yeye.”

Coulthard alivua kofia. “Shemeji... anataka nini?”

Ida alitoa mkobani kitambaa cheusi alichotembea nacho tangu mazishi. Coulthard mwenyewe akakifunga juu ya bendera. Wakaandamana polepole, na hakuna aliyethubutu kugeuka nyuma.

Waliporudi ukumbini, mwenyekiti alipanda jukwaani, sauti imejaa machozi. “Ndugu zangu! Leo marehemu amefufuka kudai haki yake! Shemeji Ida, simama uwaeleze wenzetu: ni siri gani ile ya kaburini?”

Ida akasimama.

“Rangi ilikuwa mbichi.”