Deux Tano Zenye Kufuatana

Bwana yangu Delphin ni mwalimu wa hesabu hapa Nyalukemba, miaka makumi mbili na mbili sasa, lakini hesabu yenyewe aliacha kuifundisha zamani. Anafundisha kubahatisha! Kila mwaka Exetat ikikaribia, ule mutihani wa serikali wa kumaliza sekondari, wa kuchagua jibu kwa namba, wanafunzi wanajaa kwenye barza yetu, naye anawaambia: "Mutu mwenye kutunga maulizo iko mwoga. Hawezi kuweka jibu la kweli kwa namba ileile mara tatu mfululizo. Ukiona deux, deux, deux, mbili tupu, ujue umekosea. Badilisha! Na usipojua kitu, tia trois, ile ya tatu." Wakamuita Maître Trois, na yeye akafurahi, eti jina la heshima.

Wenye kupita walirudi kumushukuru na kreti ya bia. Wenye kukwama hawakurudi. Basi yeye akaamini kabisa kwamba wote wanapita.

Mwaka jana ikawa zamu ya Merveille, mutoto wetu wa kwanza. Huyu hakuwa na haja ya kubahatisha. Anajua hesabu kumupita baba yake, na hiyo nilimuambia Delphin machoni. Nafasi yake ya kusomea uuguzi ilikuwa tayari, ilibaki diploma tu.

Siku ya matokeo, mutaa wote watu wanamwagiana poda kwa furaha. Miye pia nilishika kopo langu la poda mukononi, tayari. Merveille akasoma simu, akasema polepole: "Quarante-huit." Arubaini na nane kwa mia, na wanataka cinquante, hamsini! Points mbili tu, jamani!

Delphin akaanza makelele: mashine ya kusahihisha imekosea, ataandika barua, watamujua. Merveille akamuacha mpaka akachoka.

"Papa, mashine haikukosea. Nilifanya hesabu zote kwenye brouillon, karatasi ya kujaribia. Majibu matano yalifuatana, yote deux. Nikaogopa. Wakati wa kukopia kwenye karatasi ya majibu, nikabadilisha matatu."

"Sasa kwa nini, na ulikuwa unajua?"

"Juu wewe njo ulisema haiwezekane."

Eh, Yezu wangu! Delphin akakaa, akaangalia miguu yake. Hasira ilinishika, sitadanganya, nilitaka kumumwagia ile poda yote kichwani. Elodie wa jirani, wa kalasi moja na Merveille, yeye aliacha deux zote tano pale pale. Leo anavaa blouse nyeupe ya wanafunzi wa uuguzi, ananisalimia kwa adabu, na ile adabu inaniuma.

Wanafunzi wangali wanakuja kwenye barza. Delphin anawafundisha vilevile, ila sauti imeshuka.

Merveille amejiandikisha tena. Juma lililopita nilimukuta jikoni na daftari, maulizo makumi mbili, na yote alikuwa ameyapata, nilikuja kujua baadaye. Lakini kila jibu alikuwa anainua kichwa na kuniuliza: "Maman, unaona ni hili kweli?" Ananiuliza miye, mwenye kuachia masomo troisième primaire, mwaka wa tatu tu wa shule ya musingi.