Jiwe la Arobaini na Moja

Lori lilikuja asubuhi ya Ijumaa, baba akiwa amekwisha kuvaa kanzu ya msikitini. Alikaa juu ya kigoda katikati ya uwanja, kati ya nyumba na mawe, na wanaume sita wakawa wanampita kushoto na kulia kama maji yanavyopita gogo. Hakuna aliyemgusa. Walichukua mawe aliyoyapanga chini kwa safu, wakayarusha ndani ya lori, na kila jiwe lilipolia kwenye chuma baba aliuliza, "Hiyo ni namba ngapi?"

Mmoja akacheka. "Mzee, we unahesabu mawe? Hesabu nywele zako, ziko kidogo, utamaliza mbio."

Wenzake wakacheka naye. Baba hakukasirika. "Apana, niambie tu namba. Iko upande wa tumbo."

Walipomaliza mawe ya chini walizungusha kamba kwenye kuta zilizobaki, wakaifunga kwenye lori, lori likavuta. Nyumba iliyosimama tangu babu yangu ni kijana, iliyotikiswa na bomu ikasimama, ilianguka kwa kamba moja kabla ya adhana ya mchana. Vumbi lilipotulia, kanzu ya baba ilikuwa ya kijivu kama nyusi zake. Hakwenda msikitini siku ile. Hakwenda tena popote. Siku ya kumi na moja tulimzika.

Watu wanasema vita vilimmaliza. Apana. Vita alivikata katikati kwa miguu yake, miaka, na jioni akarudi kula ugali. Waliommaliza nawajua, ni watu wawili, na mkono wangu pia ulisaidia, nitaeleza. Nimesoma mpaka mwaka wa nne wa shule ya msingi, sina maneno ya watu wa ofisi. Majina yao siyaandiki. Nataka wayataje wenyewe.

Nyumba ilikuwa ndogo. Vyumba viwili, kibaraza, paa la vigae, na mahali pa kuwashia moto ndani ya sebule, hapa Bujumbura ambapo hata ukuta unatoka jasho. Mzungu aliyeijengesha alikuwa msimamizi wa barabara, nafikiri alikuwa anaikumbuka baridi ya kwao. Babu alikuwa mmoja wa mafundi. Alisema moto ule haukuwashwa hata mara moja, mzungu alikuwa anaweka viatu mle. Mzungu alipoondoka, babu alibaki akiitunza, na baada yake baba.

Ilikuwa pembeni ya mtaa wa Nyakabiga, juu ya korongo la mto Ntahangwa, na mawe yake yalitoka huko huko mtoni. Hakuna simenti. Chokaa na mchanga, basi. Baada ya mvua baba alikuwa ananishika mkono, ananiwekea kiganja ukutani nisikie ubaridi, na mchana tunarudi kuusikia umekauka. Ukuta wa chokaa unakunywa maji, kisha unayarudisha polepole juani. Ukiufunga kwa simenti, maji yanakosa pa kutokea.

Na kila jiwe, alisema, lina uso na lina tumbo. Tumbo linalala chini ndani ya chokaa, halionekani na mtu. Uso ndio unatazama barabara. Jiwe likae kwenye ukuta vile lilivyokuwa limelala kabla ya kuchukuliwa, maana ukilisimamisha litachubuka tabaka kwa tabaka, kama kitunguu.

"Hata we," aliniambia, "nikikulalisha wima utaamuka vizuri?"

Kabla ya vita watu wa ofisi ya majengo ya kale walikuja. Walipigilia kibati karibu na mlango, wakampa baba karatasi yenye muhuri: yeye ndiye mlinzi, na nyumba ni mali ya kumbukumbu ya nchi. Mtu asiibomoe, asiiongeze, asiipake rangi wala lipu. Na kitu chochote kikibadilika, mlinzi aandikie ofisi. Baba hakujua kusoma. Nilimsomea mara tatu, natafsiri kutoka Kifaransa vile nilivyoweza. Mara ya tatu akasema, "Kumbe nyumba iko na serikali yake." Akaikunja karatasi, akaiweka ndani ya Msahafu, na Msahafu akaurudisha juu ya kabati.

Vita vikaja. Sisi wenyewe tulikaa Buyenzi, si mbali na nyumba, lakini siku zile mtaa na mtaa ulikuwa safari. Vijana walifunga barabara kwa matairi, na kila mtu aliulizwa yeye ni wa nani. Baba alikwenda hivyo hivyo, na ndoo yake na mwiko.

"We mzee, uko wa nani?" walimuuliza siku moja, nikiwa nyuma yake naomba dua.

"Mi ni wa chokaa."

Walitazamana. Mmoja mwenye rungu akaanza kucheka, akashindwa kuacha. "Pita, mutu wa chokaa! Nyumba yako isikuangukie tu."

Tangu siku hiyo walimpitisha. Kuna watu wenye digrii waliokufa kwenye kizuizi kile kile, na baba alipita na ndoo.

Kisha bomu likaanguka korongoni. Halikuigusa nyumba, lakini ardhi iliruka, na ukuta wa upande wa korongo ukavimba kuelekea nje. Baba alitegemeza paa kwa miti ya mikaratusi, akatazama ukuta ule siku mbili. Siku ya tatu akaniambia nilete rangi nyeusi na brashi ya kupakia viatu.

Namna yao mafundi wa zamani ni hii: ukuta mgonjwa haubomolewi, unashushwa. Kila jiwe linapewa namba upande wa tumbo, ili uso ubaki safi, kisha yanapangwa chini kwa safu zile zile, ukuta mzima umelala uwanjani ukingoja kuinuliwa. Baba alishusha, mi niliandika. Niliandika kwenye jiwe, na niliandika kwenye daftari: 41, juu ya dirisha, kushoto. 42, juu ya dirisha, katikati. Nne yangu haifungi juu, na moja yangu ina pua ndefu kupita kiasi. Mwalimu alinichapa kwa pua hiyo, haikupona.

Ikabaki chokaa. Ile tuliyokuwa nayo iliisha, na barabara ya kuiletea ilikuwa imefungwa kwa risasi. Mwenzetu mmoja akamwambia, "Mzee, simenti ipo, inua ukuta wako upumzike." Baba akamtazama kana kwamba amemwambia ale nguruwe.

Hapo ndipo nilipokosea. Baba alisema, "Karatasi inataka tuandikie ofisi kitu ikibadilika. Imebadilika. Andika." Mtu mwingine yeyote katika mji ule, mwaka ule, angenyamaza. Ofisi zenyewe nusu zilikuwa zimefungwa. Lakini baba alikuwa ameikubali karatasi ile. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: sisi walinzi tumeushusha ukuta wa upande wa korongo, mawe yote yapo uwanjani, salama, tunaomba chokaa. Baba akatia dole gumba.

Jibu halikuja. Miezi mingi baadaye, risasi zimepungua na watu wakubwa wameanza tena kujenga, alikuja mkuu wa ofisi mwenyewe. Suti ya rangi ya mchanga, miwani ya dhahabu. Pamoja naye alikuja fundi mmoja, na baba alipomwona alifurahi, maana ni yeye aliyemfundisha kazi. Miaka sita alikula kwetu. Mama alikuwa anamwekea mchuzi kabla ya kuniwekea mimi.

"Karibu, mutoto wangu!" baba akasema. "Umeleta chokaa?"

Yule fundi akatazama viatu vyake. Mkuu ndiye aliyejibu. "Mzee, barua yako tumeisoma. Umekubali mwenyewe kwamba umebomoa."

"Apana. Nimeshusha."

"Kushusha, kubomoa, ukuta uko wapi?"

"Huu hapa, chini. Umelala."

Mkuu akacheka kidogo, akamgeukia yule fundi. "We ndiye fundi. Nyumba hii ni hatari au si hatari?"

Baba akamsemesha polepole, kama zamani akimwonyesha kupima ukuta kwa timazi. "Mutoto wangu, weka mukono kwa ukuta uliobaki. Weka tu mukono. Kisha useme."

Hakuweka. Alisema, "Ni hatari," akachukua kalamu ya mkuu, akatia sahihi juu ya boneti ya gari. Ndivyo nyumba ilivyotolewa kwenye orodha: mlinzi ameibomoa, kilichobaki ni hatari kwa watu. Barua yangu iliunganishwa nyuma ya karatasi kama ushahidi. Walipomaliza waling'oa kibati. Lori likaja Ijumaa ile.

Baada ya maziko nilirudia kazi yangu ya kuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, nazungusha beseni nyumba kwa nyumba. Siku moja nikiwa Kigobe, mtaa wa wakubwa, nilipita mbele ya nyumba mpya, kubwa, wanaimalizia ukuta wa uzio. Ukuta wa mawe. Nikasimama kwa sababu mawe yalikuwa yamesimamishwa wima, na nikasema moyoni, huyu fundi baba angemnyang'anya mwiko. Ndipo nikaliona. Tumbo limegeuzwa kwa barabara, na juu ya tumbo rangi nyeusi: nne isiyofunga, moja yenye pua ndefu.

Sikulia. Nilishusha beseni, nikaweka kiganja juu yake. Lilikuwa na moto wa jua na simenti pande zote.

Geti likafunguka, gari likatoka, kioo kikashuka. Miwani ya dhahabu.

"Mama, leo hatutaki ndagala."

"Sikuleta ndagala. Nimekuja kuona jiwe ya baba."

Alilitazama jiwe, akanitazama mimi. Alinijua. "Mawe ni mawe, mama. Mto mzima umejaa."

"Mto haiandiki namba."

"Uko na karatasi?"

"Niko nayo. Arobaini na moja, juu ya dirisha, kushoto. Nikusomee na zingine?"

Kioo kikapanda. Zamu, yule bawabu wa geti, mzee kama baba, akaninong'oneza, "Mama, jiendee. Huyu mutu ni mukubwa."

"Ukubwa wake naujua," nikamwambia. "Nimeuandikia namba."

Nilikwenda ofisini kwao mara tatu. Mara ya tatu karani mmoja alinifungulia faili, akanionyesha kwa kidole: nyumba haimo kwenye orodha, kwa hiyo hakuna nyumba ya orodha iliyoharibiwa, kwa hiyo hakuna mlalamikaji. Nikamuuliza, nani aliitoa kwenye orodha? Akafunga faili.

Sasa kila wiki napita Kigobe. Daftari liko chini ya ndagala, ndani ya mfuko wa plastiki. Nimeyapata mawe kumi na saba yaliyogeuzwa tumbo nje, maana yule mwanafunzi wa baba, zamu aliniambia ndiye aliyejenga, alijenga kwa haraka, au kwa aibu, na pengine hakutaka kuyaangalia aliyokuwa anayashika. Lakini mvua zimepita juu yake, na jiwe lililosimamishwa linafanya kama baba alivyosema. Linachubuka. Pua ya moja yangu imekwisha anguka. Mvua nyingine mbili au tatu, na nne itafuata, na hapo mkuu atakuwa na haki ya kusema mawe ni mawe.

Kwa hiyo nauliza sasa, wakati bado inasomeka. Mkuu, we uliyepewa nyumba uilinde, jiwe la arobaini na moja limefikaje kwenye ukuta wako? Na we fundi, uliyelishwa na mama yangu, kwa nini hukuweka mkono? Sitaki mnijibu kwa barua. Barua nimeziona zinavyofanya kazi. Njooni juu ya korongo, mchana, majirani wakiwepo, mtaje majina yenu kwa sauti na mseme nani aliagiza lori. Kisha mawe yarudi, moja moja, nami nitasimama pale nikiuliza namba. Kigoda cha baba bado kipo uwanjani. Nimekiacha hapo makusudi.