Jogoo wa Mikelenge Asiyewika

Juzi bandarini Kindu, mama mmoja wa mtaa wa Mikelenge alikuwa akiuza jogoo mwekundu mwenye kifua kipana. Mnunuzi akampapasa, akauliza, "Mama, anawikaka?"

"Hapana. Hata baba yake hakuwika. Lakini vifaranga vyake vinatokaka na nguvu."

Nikadakia: ni ukoo gani huo wa kuku mabubu?

Akashusha sauti. "Wakati wa vita tulikimbia na kuku mu pori. Mwenye kuwika tulimuchinja mbio, askari wasitusikie. Wenye kunyamaza ndio walibakia, wakazalana."

"Mimi nilitaka wa kuniamsha," mnunuzi akasema, akaondoka.

"Kwako wote wananyamaza?" nikauliza.

"Juzi mumoja aliwika. Nilishika kisu, kisha nikakirudisha."

Nikaomba kumnunua huyo. Akakataa katakata.