Kioo cha Maporomoko ya Kwetu

Wakati ule Mwafrika mwenye diploma ya misitu ulikuwa huwezi kumkuta hivi hivi, nami nilikuwa mmoja wao. Nasema bila kuinamisha kichwa. Nilitoka milima ya Uluguru miguu mitupu, nikajisomesha kwa kupasua mbao, nikavuka bahari, nikarudi na cheti chenye mhuri na suti mbili zilizoshonwa kwa kipimo changu. Ofisi ikanipa gari, dereva, na mashine ya taa ya kuonesha picha za kioo kwenye shuka jeupe. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vitongoji vya Dar es Salaam, leo Kinondoni, wiki ijayo Temeke, nikiwaeleza watu historia ya milima yetu na kwa nini msitu wake unalindwa.

Wapo walioona kichekesho, kuwahubiria watu wa pwani habari za milima. Mimi niliwaambia: mpunga mnaolima bonde la Ruvu unanyweshwa na maji ya kwetu. Wakatulia. Nilijua kusema na watu, na bado najua.

Mama niliishi naye Temeke. Kijiji chake kilikuwa juu, ndani ya mpaka wa msitu wa serikali, na mpaka ulipowekwa wakaambiwa wote wateremke. Baba alipofariki nikamleta mjini. Nilimjengea chumba cha sakafu ya saruji, mtaa mzima ukaja kukitazama, yeye hakukisifia hata siku moja. Magoti yalikwisha kataa mlima, na hata yangekubali, sheria isingemruhusu kuingia. Asubuhi aliketi uani akiangalia magharibi, ambako hapakuonekana kitu ila minazi.

"Baba," aliniambia siku moja akichambua mchicha, "nimeanza kusahau. Jana nilitaka kulikumbuka lile jiwe la kichakani kwetu, nikaona mnazi. Nitawafikiaje wazee wangu, nami njia siikumbuki?"

Kichaka hicho, kando ya maporomoko ya maji, ndimo walimozikwa wazee wa ukoo wake. Chini yake kuna jiwe jeusi, na kila afikaye hapo huvua viatu kabla ya kupita. Awe mkulima au chifu, huvua.

Maneno yake yalinikaa kifuani. Nilipotumwa Morogoro kikazi nilipanda mwenyewe na kamera ya ofisi, nikavua viatu, nikapiga picha, nikaagiza itengenezwe kioo. Mama sikumwambia. Nilimwomba tu aje ukumbini Jumamosi, zamu ya Temeke.

"Nije kuangalia mlima kwenye shuka?"

"Watu wote wananisikiliza, mama, isipokuwa wewe."

"Mimi nimekusikiliza tangu hujaota meno."

Lakini alikuja, amevaa viatu vya ngozi nilivyomletea kutoka ng'ambo. Ilikuwa baada ya alasiri. Madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa mablanketi ili pawe giza, na joto lilikuwa la tanuri. Mbele waliketi Waluguru wenzetu, nyuma yao wenyeji Wazaramo, watani zetu, ambao hawakunipa nafasi ya kupumua.

"Bwana Misitu!" aliita mama mmoja mnene aliyekuwa jirani yetu. "Hawa watu wako wakiona kichuguu tu wanalia. Leo umewaletea mlima mzima, leso ziko wapi?"

"Na nyie mkiona mlima mnauliza nani kaurundika," nikamjibu, ukumbi ukaangua kicheko.

Nikaeleza jinsi koo zilivyolinda vichaka vyao kabla ya Mjerumani na Mwingereza, jinsi miteremko ilivyokatwa miti na udongo ukaporomoka, na kwa nini mpaka uliwekwa. Kisha nikamwashiria dereva atie kioo nilichokiweka akiba.

Maporomoko yakajaa kwenye shuka. Nikamtazama mama. Alikaza macho muda mrefu, akatikisa kichwa.

"Si kwetu."

"Mama, nimepanda mwenyewe."

"Nasema si kwetu. Maji yetu yanashukia mkono wa kushoto wa jiwe. Huko ulikokwenda ni kwa watu wengine."

"Haya, Bwana Misitu kapotea kwao!" jirani akapiga vigelegele. Mama hakucheka. Alikwisha shika upindo wa kanga, anataka kuinuka aende zake, na niliona usoni mwake kwamba akitoka hatarudi tena.

Nilifika kwenye mashine kwa hatua za mtu aliyesomea kazi yake. Dereva alikuwa amekitia kioo kinyumenyume, mbele nyuma. Nikakichomoa, kikaniunguza vidole, nikakigeuza. Maji yakahamia kushoto.

Mama akakaa. Akainama, akafungua kamba za viatu, akaviweka chini ya benchi. Mzee wa pembeni yake akavua makubazi. Kisha mstari mzima wa mbele, viatu vikawekwa taratibu kwenye sakafu. Nami nikavua vyangu, mbele ya dereva, na hotuba yangu haijaisha.

"Kwani tumeingia msikitini?" mtu akanong'ona nyuma.

"Nyamaza," jirani yetu akamkemea. "Wamefika kwao."

Dereva akanivuta shati. "Bwana, taa ina moto. Kioo kikikaa sana kitapasuka."

"Kiache."

Mama alikuwa akisogeza midomo, jina baada ya jina, akiwaamkia watu ambao mimi sikuwahi kuwaona. Tulisikia mlio mdogo, na ufa ukapita kwenye kona ya mbingu. Hapo ndipo aliponigeukia.

"Zima, baba. Njia nimeiona."

Siku hizi nina nyumba Madale, kwenye mwinuko, niliyoijenga kwa jasho langu. Mama hakuiwahi. Kile kioo nimekiweka kwenye dirisha la magharibi, na jua likielekea kutua maji huwaka. Kila asubuhi, nikishapangusa vumbi, huhakikisha yanashukia kushoto. Viatu nakuwa nimeviacha mlangoni.