Korti Haikuwa Matangani

Kwetu Kabuchai, mazishi yakiisha kuna siku ya kunyoa nywele, na siku hiyo mambo ya nyumba yanasemwa mbele ya kila mtu. Tulipomnyolea marehemu mama, kaka zangu wawili walisimama wakasema mdogo wetu, ambaye akili yake ilibaki ya kitoto tangu azaliwe, atakaa na mimi Kitale. Watu wakaitikia, mambo yakaisha. Mwenyewe alikuwa ametumwa kuchota maji. Mimi mjane, nyumba yangu tupu, nikaondoka naye jioni hiyo pamoja na godoro lake.

Kwa hivyo hospitali ilipokataa kumpasua ngiri mpaka apatikane mlezi anayetambulika kisheria, niliingia kortini Kitale kifua mbele.

"Jamaa wamepewa ilani?" karani akaniuliza.

"Ilani gani tena? Si walisema wenyewe mbele ya kijiji kizima!"

"Mama, korti haikuwa matangani."

Akanieleza kwamba kila ndugu lazima apewe karatasi inayosema ninaomba nini na kesi ni lini, ili anayepinga aje apinge. Na mdogo wangu apewe yake mkononi. Nikacheka. Yeye? Hata jina lake hajui kuliandika!

"Basi utamsomea," karani akasema, wala hakucheka.

Nilimsomea jikoni, haraka haraka, sufuria ikiwa motoni. Akaikunja karatasi akaitia kwenye mfuko wa shati. Sikumwuliza anaonaje. Usiku alipoingia kulala nikafungulia redio, kama ninavyofanya nikizidiwa na upweke, nikalia kidogo, nikalala.

Karatasi za kaka zangu zilipelekwa Kabuchai na zikapokelewa. Nikaanza kujiandaa kwa vita. Nikiosha vyombo nawajibu, nikifagia nawajibu. Watasema nataka fungu la shamba la mdogo wetu. Waje tu, watanijua!

Hawakuja. Siku ya kesi niliutazama mlango mpaka shingo ikauma. Hata simu hawakupiga. Ningefurahi hata wangekuja kunitukana, bana, maana mtu hagombanii kitu asichokitaka. Niliona uchungu ambao sikuuona hata siku ya kumzika mama. Tulikuwa wawili tu kwenye benchi, yeye amevaa koti la marehemu mume wangu.

"Kuna anayepinga?" jaji akauliza.

Mdogo wangu akainua mkono. "Mimi."

Upasuaji ndio huo unakwenda.

"Unapinga nini?" jaji akamwuliza kwa upole.

"Ati huyu anichunge. Si mimi ndio nachunga yeye? Bwana yake alikufa. Usiku akifungua redio analia pale jikoni. Mimi naamka, nakaa kwa mlango mpaka anyamaze. Sasa akinichunga, nani atakaa kwa mlango?"

Jaji akamweleza polepole kwamba dada yake atatia sahihi tu hospitalini, ili daktari aitoe ile ngiri inayomsumbua.

"Basi asaini. Lakini kazi yangu msininyang'anye."

"Hatukunyang'anyi," jaji akasema, akaandika amri. Kisha akavua miwani akanigeukia mimi. Akaniuliza kama ni kweli, hiyo habari ya redio.

Nikasema ni kweli.