Masale ya Dirishani mwa Mama

Harufu ya udongo mkavu ulionyunyiziwa maji bado inanipandisha hasira. Kwetu Same mvua ni ya kubembelezwa, kwa hiyo harufu hiyo sikuinusa nje. Ilitoka dirishani mwa mama, kwenye makopo ya mafuta ya kupikia aliyoyatoboa kwa msumari. Nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu wa kiume alikuwa amefariki kabla hajaanza kutambaa, tukampandisha Mbaga, milimani, kumzika, na tangu tuteremke mama hakuwa akisema neno. Alilala akiangalia ukuta. Watu walikuja, wakala, wakasema poleni, wakaenda zao.

Sijui nini kilimwinua. Siku moja alitoka kitandani akapanda vipande vya masale alivyokata mpakani mwa shamba la babu, yale yenye majani marefu ya kijani. Basi kila asubuhi akawa anayafuta vumbi kwa kitambaa na kuyapa maji ya kusuuzia vyombo, maana maji safi yalikuwa ya kunywa. Baadaye akaanza kunawa uso, akachana nywele. Halafu asubuhi moja akaniita, "Njoo uone, limetoa jani!" Jamani, nililia. Sauti ile sikuwa nimeisikia kwa wiki nyingi.

Ndipo akaja shangazi Nakijwa, dada mkubwa wa baba. Shikamoo yangu hata hakuiitikia. Kwetu Upareni sale hupandwa mpakani na makaburini, na yeye aliona kaburi tu. "Wifi, umezika mtoto mmoja, sasa unataka kutuzika wote humu ndani?" Baba naye, mwanamume mzima, akaangalia viatu vyake! Kisha shangazi akanituma mimi nikayatupe, na mtoto wa siku zile hakatai kutumwa. Nikayabeba kopo moja moja hadi nyuma ya ua, mbuzi wakayakanyagakanyaga. Mama akarudi kitandani, akageukia ukuta, akabaki hivyo hadi mvua za vuli zikapita. Hakuna aliyemwomba radhi.

Mwaka huu shangazi amefiwa na mumewe. Juzi akatuma picha kwenye kundi letu la familia: sale, ndani ya chungu cheupe cha dukani, sebuleni kwake. "Nesi kanishauri niwe na kitu cha kutunza. Kweli linanituliza, ila majani yanageuka njano. Nifanyeje?" Linamtuliza! Nikaandika ujumbe mrefu wenye yote, kuanzia kopo la kwanza hadi wale mbuzi, nikampa mama simu asome kabla sijautuma.

Mama alivaa miwani, akaangalia picha tu. "Anamwagia maji mengi," alisema. "Mwambie apunguze, mizizi itaoza. Mwambie leo leo, yuko peke yake pale."

Ujumbe wangu nimeufuta. Ule wa maji sijautuma bado.