Mwanamke wa Njia ya Dunga Aliyeniita Mkwe

Haya ninayokuhadithia sikuyasikia kwa mtu. Yamenipata mwenyewe, mchana kweupe, na mke wangu ni shahidi. Ukiniambia jua lilinipanda kichwani sitagombana nawe; hata mimi nilijiambia hivyo siku mbili tatu, mpaka mama mkwe wangu alipofungua kinywa.

Miaka ile nilikuwa dereva wa hoteli moja ndogo huko Uroa. Kaka yangu, muuza vipuri Darajani, aliniletea gari iliyokwisha kutumika Japani, zile zinazokwenda kwa petroli na betri kubwa kwa pamoja. Zilikuwa ngeni kabisa Unguja. Ikiondoka haina sauti, na watoto wa mtaa wa Ng'ambo wakasema ina jini. Mafundi nao, wakifungua boneti na kuziona zile nyaya nene za rangi ya machungwa, hufunga taratibu wakaniambia nimuombe Mungu tu.

Ijumaa moja mke wangu Zuhura, mimba ya miezi minane, alianza kutoka damu. Nikamlaza kiti cha nyuma. Mama yake, Bi Pili, akamjazia mito na makanga nyuma ya kichwa mpaka kioo cha nyuma kikazibika, akasema yeye atatufuata kwa gari ya abiria. Nikaondoka mbio kuelekea hospitali mjini.

Tumeshaipita Chwaka, hatujafika Dunga, gari ikanywea. Haikukohoa wala haikutetema. Nguvu zilikatika tu, kama mtu anayekata roho. Ikawaka taa yenye picha ya kobe, ile ya kuonya kuwa nguvu zimekwisha, halafu nyekundu, halafu kila kitu kikazima. Saa saba mchana, Ijumaa, wanaume wote wako msikitini. Barabara nyeupe, simu haina mtandao. Nikafungua boneti nikaitazama injini, na wallahi sijui hata nilikuwa natazama nini. Ndani, Zuhura alikuwa ameacha kuugua, na huko kunyamaza ndiko kulikonitisha zaidi.

Nikageuka, mwanamke amesimama ubavuni mwa gari. Binti hasa, hazidi miaka ishirini, kanga yake imefifia rangi, miguu mitupu juu ya lami inayounguza. Sikumsikia akija.

"Mkwe," akaniambia, "gari yako imezibwa pumzi."

Hebu fikiria. Mke wangu anakufa, na msichana mdogo kuliko yeye ananiita mkwe na kunifundisha gari! Nilimjibu vibaya. Nilimtaka atuondokee, kwa maneno ambayo nimeshamuomba Mungu anisamehe. Hakukasirika. Akanyoosha kidole kwenye ile mito, akasema niitoe yote, chini yake nitaona matundu. Niache milango wazi, nivute uradi wa "Ya Latifu" mara mia bila ya pupa, ndipo niiwashe.

Nikatoa. Matundu yapo kweli, na mahali pale pana moto kama mdomo wa tanuri. Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Yeye akainama mlangoni, akamwekea Zuhura mkono juu ya tumbo. Nilipofika kama sitini hivi nikamsikia akisema polepole, wala si kwangu:

"Mie nlibaki hapa. Huyu habaki."

Mia ilipotimia nikazungusha ufunguo, gari ikaitika. Nikageuka nimwambie apande, tumfikishe anakokwenda. Hayupo. Na pale ni maweni matupu, vichaka havifiki kiunoni. Angejificha wapi?

Tulifika. Mtoto alitolewa kwa upasuaji, wa kiume, na mama yake akasalimika, alhamdulillahi. Zuhura alipopata nguvu alinieleza kuwa mkono ule ulikuwa baridi kama maji ya kisima, na ulipomgusa alihisi damu inapungua kumtoka.

Siku ya tatu nikamsimulia Bi Pili. Nilipofika kwenye lile neno "mkwe" alijifunika uso kwa buibui. Kisha akatwambia kwamba alikuwa na dada yake mkubwa, Mize, ambaye Zuhura hakuwahi kumsikia hata kwa jina. Alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, akapakiwa juu ya lori la kuni, na lori likaharibika kabla ya Dunga. Alifia pale kando ya barabara, mtoto yumo tumboni. Mama yao hakuweza tena kulisikia jina lile, basi nyumba nzima ikaliacha.

"Ni mama mkubwa wa mkeo," alisema Bi Pili. "Wewe ni mkwe wake kweli."

Baadaye fundi mmoja alinieleza kuwa betri kubwa iko nyuma ya kiti na hupoozwa kwa hewa ya yale matundu. Yakizibwa, joto hupanda na gari hujikatia nguvu yenyewe. Sawa, nimekubali. Lakini mtu aliyekufa zama za malori ya kuni aliyajuaje hayo?

Tulimsomea Mize khitma, na tunaendelea kila mwaka. Nikipita pale husimama, nikamsomea Fatiha, nikamshukuru. Sijamuona tena, wala simuogopi.

Nawe nakuusia: usimtolee maneno makali mtu anayekutokea njiani, hata umuone mdogo namna gani. Na kama kwenu kuna marehemu ambaye jina lake halitajwi, litajeni. Huenda amesimama juani mahali, anakungojeeni mpite.